Mafuta na Masharti Yake

Nianze na wivu, maana ukinisikiliza mpaka mwisho utaukuta tu, na sitaki uje useme nilikuficha. Jina langu Sekela Mwambungu. Nimekuwa nesi kwa miaka ishirini na tisa, kumi na miwili ya mwisho nikiwa msimamizi wa kudhibiti maambukizi katika Hospitali ya Rufaa ya Kilolelo, huku juu kwenye baridi ya Njombe. Kwa miaka saba mfululizo jina langu lilikaa juu kabisa kwenye Ubao wa Mikono. Mwaka huu, mwezi wa saba, Jumatatu asubuhi, nilifika kazini nikalikuta la pili.

Nilisimama pale mlangoni na koti langu, pua imekufa ganzi, nikausoma ubao mara tatu. Tulizo Sanga, wodi ya njiti, tisini na tisa na nusu. Sekela Mwambungu, tisini na tisa. Nusu alama. Mlinzi akaniuliza, "Sista, umeamkaje leo?" Nilikuwa na hasira naye pia, kwa sababu tu alikuwapo na aliona.

"Shikamoo, mama."

Nikageuka. Tulizo mwenyewe, binti wa miaka ishirini na nane, sweta la kijani, mikono ameifumbata kifuani kwa baridi. Nilikwisha kumwambia mara mbili kwamba kazini naitwa Sista Sekela, na mara zote mbili aliitikia "sawa, mama."

"Marahaba."

"Huu ubao utakuwa umekosea," akasema, akiuangalia. "Mimi nikupite wewe, wapi na wapi."

Kibaya zaidi, alimaanisha. Mtu akikushinda kwa jeuri unajua la kumfanya. Akikushinda kwa adabu unabaki kusaga meno peke yako.

Kwa ambaye hajawahi kufanya kazi wodini, ngoja nieleze kidogo. Nilipoanza unesi, glavu ilivaliwa kwa mgonjwa mmoja, dakika tatu, ikatupwa. Tulizitupa kama maganda ya karanga. Halafu, miaka kumi na tisa iliyopita, ukungu uliua mashamba ya mipira dunia nzima ndani ya misimu minne, na glavu za plastiki zilikuwa tayari zimepigwa marufuku pamoja na plastiki nyingine zote. Mpira uliobaki ni wa mashamba machache, na kila nesi akawa anapewa jozi mbili kwa zamu. Jozi mbili kwa wagonjwa ishirini. Kwa hiyo tunazitakasa zikiwa mkononi.

Glavu za sasa zina mistari kumi na miwili ya buluu kwenye kifundo cha mkono. Ukitoka kwa mgonjwa unamimina kitakasa kiganjani, unasugua juu ya glavu kwa sekunde thelathini, kiganja kwa kiganja, katikati ya vidole, dole gumba, ncha za vidole, kisha unanyoosha mikono mbele ya Mkaguzi. Mkaguzi ni kisanduku kilichobanwa kando ya kila kitanda, ukubwa wa redio ya jikoni. Anamulika, anatafuta mahali ambapo kitakasa hakikufika, anafuta mstari mmoja wa buluu na kukupa alama. Akiwasha taa ya kijani, kitanda cha mgonjwa mwingine kinakufungukia. Mistari ikiisha, glavu imekufa, unaivua. Alama za mwezi mzima ndizo zinazokwenda kwenye Ubao. Ila Mkaguzi ana upungufu mmoja ambao sisi wazee tunaujua: anaona nje ya glavu tu.

*

Lakini mambo hayakuanzia kwenye ubao. Yalianzia chumba cha chai, mwezi wa sita.

Tulizo alikuwa na miezi minne tu hapa kwetu, na tayari akina mama wa wodi ya njiti, watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, walikuwa hawataki nesi mwingine. Mtoto akigoma kunyonya, "Mwiteni Tulizo." Mashine ikilia, "Tulizo yuko wapi?" Kwenye kikao cha mwezi wa tano, Matroni Kihwelo, ambaye nimesoma naye chuo kimoja na kulala naye bweni moja, alinitania mbele ya watu: "Sekela, jiandae, kuna mtoto anakuja nyuma yako." Watu wakacheka. Nami nikacheka kuliko wote.

Sasa, huku kwetu mwezi wa sita, baridi na kitakasa vikikutana kwenye ngozi, mikono inapasuka hadi kutoa damu. Krimu ya hospitali, ile ya maji, ilikuwa imekwisha stoo tangu mwezi wa nne. Tulizo alikaa mbele yangu, akaweka kikombe chini, akanionyesha mikono yake. Ilikuwa myekundu, na katikati ya vidole mna nyufa.

"Mama, nikimimina kitakasa hata juu ya glavu naona kama kinaingia. Yako haipasuki. Unapaka nini?"

Ningeweza kumwambia lolote. Nilimwambia kweli. "Mafuta ya parachichi. Ya kukamua mwenyewe nyumbani."

"Kitabu si kinakataza mafuta?"

Kitabu cha kanuni nilikiandika mimi. Ukurasa wa kumi na nne unakataza kuvaa glavu juu ya mafuta ya aina yoyote, kwa kuwa mafuta hula mpira. Tulizo alikuwa amekisoma vizuri kuliko wengi, na hilo nalo liliniudhi.

"Kitabu ni kitabu," nikamwambia. "Mimi huu mwaka wa kumi na tano napaka. Angalia mwenyewe." Nikamwekea mikono yangu mezani. Aliigusa mgongoni kwa kidole kimoja, akatikisa kichwa kwa kustaajabu, akanishukuru.

Kila neno nililosema lilikuwa kweli, na ndipo ulipo ubaya wake. Mimi napaka jioni, kazi za nyumbani zikishaisha. Asubuhi naosha kwa sabuni ya kipande na maji ya moto, mara mbili, mpaka maji yaache kuteleza juu ya ngozi, halafu nakausha. Mkono wangu ukiingia kwenye glavu hauna mafuta hata chembe. Hayo ndiyo masharti, na bila hayo afadhali ukae na nyufa zako. Wanawake tunajuana. Jirani akikuomba mapishi unampa yote ila kitu kimoja, ili akipika watu waseme, mh, nzuri, lakini haijafika ya fulani. Mama yangu aliwafanyia hivyo mawifi zake mpaka anaingia kaburini. Mimi nilimpa Tulizo mafuta, nikabaki na masharti.

Sikutaka mtoto yeyote augue. Niamini au usiamini, nilichotaka ni glavu zimpasukie mkononi mara moja mbili mbele ya watu, akatwe alama, Matroni apate la kucheka. Nikasubiri zipasuke. Hazikupasuka. Alama zake zikapanda, wiki baada ya wiki, nikawa sielewi.

*

Siku moja baada ya ubao kunishusha, Jumanne, wodi ya njiti waliniita. Watoto watatu wana homa: kitanda cha pili, cha tatu na cha tano. Njiti mwingine ana uzito wa mfuko wa sukari, huwezi kumwambia asubiri. Maabara walisema mdudu ni yule anayeishi kwenye ngozi ya mtu mzima. Kwangu na kwako hana neno, lakini kwa njiti anaua. Swali likawa amepitaje kwenye glavu iliyotakaswa na kupewa kijani na Mkaguzi.

Nilifanya kipimo cha zamani ambacho vijana hawakijui. Nilichukua ndoo ya glavu zilizokufa za zamu iliyotoka, kila jozi ina jina la mwenyewe, nikaenda nazo chumba cha kufulia. Nikazitundika kwenye waya, nikazijaza maji moja moja, lita moja kila glavu. Nikavuta kiti nikakaa. Glavu nzima hukaa na maji yake hata saa nzima, na za manesi wengine zilining'inia pale kwa utulivu. Za Tulizo zilianza kutoa jasho ndani ya dakika mbili. Kisha zikatona. Ncha za vidole, kiganja, penye kidole cha shahada, vitundu ambavyo kwa macho huvioni.

Nikamwaga maji ya mojawapo, nikaigeuza ndani ikawa nje, nikainusa. Parachichi.

Hapo nikaelewa yote. Mafuta yalikuwa yakiula mpira kutoka ndani, kitakasa kikiukausha kutoka nje, na katikati unakwisha. Yale mafuta yaliyopenya yaliufanya mpira uwe laini na kung'aa, kitakasa kikatandaa juu yake sawasawa bila kuruka mahali, na Mkaguzi, ambaye anachojua ni nje tu, akampa tisini na tisa na nusu. Kwa hiyo ile nusu alama iliyoninyima usingizi niliitengeneza mimi, kwa mdomo wangu, kwenye chumba cha chai. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanasema. Mimi nilikuwa nimewatanguliza watoto watatu.

Kutoka kufulia mpaka wodi ya njiti ni hatua sitini. Ningekwenda pale pale nikamwambia Tulizo vua hizo, osha mikono, mara mbili, na mafuta usiyaguse tena asubuhi. Ni kazi ya dakika tano. Badala yake nilikaa kwenye kile kiti nikaanza kufikiri. Alhamisi kuna Kamati ya Mikono. Matroni atakuwapo, na Daktari Msigwa, mganga mkuu. Nikizitundika glavu hizi mbele yao zikatona, hakuna atakayenitania tena maishani. Na habari za chumba cha chai nani anazijua? Tulikuwa wawili, na mmoja ni mimi. Lakini nikimwonya kimyakimya leo, atajirekebisha, na jina lake litabaki pale juu, na mimi nitabaki chini yake nikijua.

Niliwaambia wodi waanze dawa ya mdudu wa ngozi kwa wale watatu. Hilo nililifanya, na nililifanya haraka. Kisha nikazitia glavu kwenye mfuko wa karatasi, nikaandika tarehe, nikazifungia kabatini. Mikono ya Tulizo niliiacha iendelee na kazi.

*

Jumatano nilikwenda wodi ya njiti kwa kisingizio cha kukagua visanduku. Ukweli nilitaka kumwangalia. Mtu mwenye wivu hukifuata kinachomuuma, sijui kwa nini.

Nilisimama nyuma ya kioo. Tulizo alikuwa kitanda cha sita. Mle kulikuwa na mtoto wa kiume wa kilo moja na robo, na mama yake, Agripina, mkulima wa viazi kutoka milima ya huko juu, alikuwa kando yangu kwenye kioo, maana akina mama hawajaruhusiwa kuingia mpaka mtoto afike kilo moja na nusu. Tulizo alisugua sekunde thelathini kamili. Mkaguzi akawasha kijani. Kifuniko kikafunguka, akaingiza mkono, na mtoto akamkamata kidole cha shahada. Nilikitazama kile kidole. Nilijua kina tundu.

Nikainua mkono ili nigonge kioo. Naapa niliuinua.

"Sista, mwone anavyomshika," Agripina akaniambia, hata hakunitazama, macho yake yalikuwa kwa mwanawe. "Mungu alipokuwa anagawa mikono, huyu dada alifika mapema. Mtoto wangu akipona atachukua jina lake. Nimekwisha mwambia baba yake. Ataitwa Tulizo."

Miaka ishirini na tisa. Nimewapokea watoto kwenye mafuriko, nimewapulizia pumzi kwa mdomo wangu mwenyewe umeme ulipokatika. Mji huu hauna mtoto hata mmoja anayeitwa Sekela. Mkono wangu ukashuka.

Tulizo alitoka, akaniona, akaja moja kwa moja. Alikuwa na weusi chini ya macho.

"Shikamoo, mama. Afadhali umekuja. Zimekuwa homa tatu, na wote watatu nimewashika mimi. Nimesoma kitabu chako tena chote. Nasugua kama ulivyoandika, Mkaguzi ananipa kijani, sasa sijui." Akapunguza sauti. "Mama, niambie kweli. Kuna kitu nakosea?"

Aliniuliza hivyo, kwa maneno hayo hayo, akiwa amesimama mbele yangu kama mwanafunzi. Sijawahi kuulizwa swali rahisi kuliko hilo.

"Tutaona kesho kwenye kamati," nikamjibu, nikaondoka.

*

Alhamisi saa mbili asubuhi mtoto wa kitanda cha sita alipata homa. Kamati ilikaa saa nne.

Sitaki kukueleza nilijisikiaje katikati ya saa mbili na saa nne. Nilikuwa nimekwisha chagua, na mtu akishachagua ubaya huona aibu kurudi nyuma kuliko kuendelea. Nilibeba sinia, waya na mfuko wangu wa karatasi. Nilizitundika glavu zile mbele ya Matroni, Daktari Msigwa na wajumbe wawili, nikazijaza maji. Tulizo alikaa upande wa pili wa meza. Zikaanza kutona kwenye sinia, tap, tap, na mimi nikaeleza kila kitu kwa sauti yangu ya kufundishia: mpira, mafuta, vitundu, mdudu. Kila kitu isipokuwa kimoja.

Matroni Kihwelo aliichukua glavu moja, akaigeuza, akainusa, akaipitisha kwa Daktari. Halafu akamtazama Tulizo, na uso wake ulisikitika. Alikuwa anampenda binti yule.

"Nani alikwambia upake mafuta?"

Niliona Tulizo anavyoelewa. Kwanza alielewa habari ya mafuta, macho yakaenda kwenye sinia. Kisha akanielewa mimi. Aliniangalia mara moja tu. Nilikuwa na jibu langu tayari tangu Jumanne: mazungumzo hayo siyakumbuki, binti amechanganyikiwa.

"Nilijiamulia mwenyewe, Matroni," akasema. "Mikono ilikuwa inapasuka."

"Ukurasa wa kumi na nne hukuusoma?"

"Niliusoma."

Daktari Msigwa akavua miwani. "Unajua adhabu yake ni nini?"

"Kufutwa mkono."

Kufutwa mkono maana yake Mkaguzi anasahaulishwa mikono yako, hapa na hospitali zote za nchi. Unaweza kusugua mpaka ngozi itoke, hakuna kijani, hakuna kitanda kitakachokufungukia mpaka unakufa. Tulizo alilijua hilo, na alikaa wima, mikono yake yenye mafuta ameiweka mapajani.

"Naomba jambo moja tu," akasema. "Yule wa kitanda cha sita apewe mtu mwenye mkono mwepesi. Huwa anashtuka."

Basi hapo ningepaswa kufurahi. Ubao ulikuwa wangu tena. Badala yake nilimtazama, naye akanitazama tena, na macho yake hayakuwa na hasira. Alikuwa ananionea huruma. Alikuwa amenisitiri, mimi, mtu mzima, mwandishi wa kitabu, na angenisitiri mpaka mwisho bila kudai chochote. Nikajiona nikitembea na jambo hilo hadi kustaafu. Kila asubuhi nitausoma ubao, jina langu juu, na nitajua kuna mtu alinizidi kwa kitu ambacho hakuna kisanduku cha kukipima. Nusu alama ningejikaza nikaivumilia. Hilo nilishindwa.

"Anadanganya," nikasema.

"Sekela, basi," Matroni akanikatiza. "Binti amekwisha kukiri, usimkanyage."

"Amekiri la kwangu. Mafuta nilimwambia mimi. Alinikumbusha kitabu, nikamwambia kitabu ni kitabu. Mimi huosha mara mbili asubuhi kabla ya kuvaa glavu, hilo sikumwambia, na sikulisahau. Nililiacha makusudi, kwa sababu ulisema kuna mtoto anakuja nyuma yangu."

Maji yaliendelea kudondoka kwenye sinia. Ningeweza kuishia hapo, na kwa hilo peke yake wengine wangenionea huruma. Lakini Tulizo alikuwa ameanza kulia, na nilitaka aache kunitazama vile.

"Na glavu hizi sikuzijaribu leo," nikasema. "Nilizijaribu Jumanne. Jumanne, mtoto wa kitanda cha sita alikuwa hana homa."

Huruma ikatoka usoni mwake. Niliiona inavyotoka. Alisimama, akazunguka meza, nikadhani atanipiga. Alipita, akafungua mlango, akaenda kuosha mikono. Tulisikia bomba la korido likifunguliwa, likafungwa, likafunguliwa tena.

Matroni Kihwelo aliisogeza ile sinia kando. Tulilala bweni moja, nilikwambia.

"Nenda nawe kanawe, Sekela," akasema. "Kisha uje kwenye kisanduku."

*

Sasa ni mwezi wa tisa. Sina mikono, kwa maana ya hospitali. Siku ile nilinyoosha viganja mbele ya Mkaguzi, akanimulika, taa ikawa nyekundu, na hadi leo nikipita karibu na kisanduku chochote kinawaka nyekundu hata kama sijakigusa.

Lakini kamati ilitoa kanuni mpya: kila zamu, jozi moja ya kila nesi ijazwe maji. Kazi hiyo inataka mtu anayejua na ambaye hamgusi mgonjwa. Wakanipa mimi. Kwa hiyo niko hapa kufulia kutwa nzima, natundika glavu zilizokufa za watu walio hai kikazi, naandika majina ya zinazotona. Ukurasa wa kumi na nne umeandikwa upya, na Tulizo ndiye aliyeuandika. Yeye alisimamishwa mwezi mmoja, akarudi. Kwenye ubao ni wa tisa. Mimi simo.

Watoto wote wanne walipona. Wa kitanda cha sita ndiye aliyechelewa, wiki tatu za dawa kali, zile zinazoweza kuharibu masikio, na madaktari wanasema sikio lake la kushoto hawana hakika nalo, wanasubiri akue kidogo ndipo wapime. Nami nasubiri.

Mjini wanasema niliungama kwa sababu dhamiri ilinisuta. Mchungaji alinitoa mfano kanisani, nikatamani kuingia chini ya benchi. Nilikwambia mwanzoni, na nakwambia tena. Ulikuwa wivu. Ule ule ulionifunga mdomo ndio ulionifungua.

Jana asubuhi mlango wa kufulia ulifunguliwa, akasimama Agripina. Hakunisalimia. Habari zangu hospitali nzima inazijua, kwake hazikukosa kufika. Alisimama pale pale kizingitini, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango, na niliona ule mkono. Viazi, udongo, maji ya baridi. Umepasuka kama gome la mti.

"Amefika kilo moja na nusu," akasema. "Wameniruhusu kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi. Lakini mikono hii inamkwaruza, analia. Nimemuuliza Nesi Tulizo. Amesema dawa yake unaijua wewe. Mimi sikutaka kuja."

Tulizo sasa anayajua mafuta na masharti yake kuliko mimi, ameyaandika. Angemwambia mwenyewe pale pale kwa dakika mbili. Nikajua mara moja alichokifanya, na kikanichoma palepale pa siku zote. Ananipita tena, nikawaza. Huyu binti hachoki.

"Kaa," nikamwambia Agripina. Hakukaa, basi nikamwambia akiwa amesimama.

Nilimwambia namna ya kuponda, namna ya kuchemsha kwa moto mdogo, namna ya kuchuja kwa kitambaa. Nikamwambia apake jioni, akishamaliza kazi zote, asipake asubuhi hata kama mikono inauma. Asubuhi aoshe kwa sabuni ya kipande na maji ya moto, mara mbili. "Halafu dondosha tone la maji mgongoni mwa mkono. Likiteleza, osha tena. Likitulia, mshike mtoto."

Aliyarudia yote, neno kwa neno, akihesabu kwa vidole.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo."

Akanitazama machoni kwa mara ya kwanza. "Hukubakiza kitu?"

Nilifikiri kidogo. Kilikuwapo kimoja, ambacho hata mimi mama yangu aliniambia siku zake za mwisho tu.

"Parachichi liwe la kienyeji," nikasema. "Lililoiva mpaka likaanguka lenyewe. Hayo ya kupanda kwa ajili ya kuuza hayatoi mafuta ya maana. Sasa sijabakiza."

Aliitikia kwa kichwa, akageuka kuondoka. Nilimwacha apige hatua mbili, kisha nikashindwa kujizuia.

"Mtoto mmempa jina gani?"

"Nilishakwambia siku ile," akajibu bila kugeuka. "Tulizo."

Iliniuma, kama nilivyojua itaniuma. Nikachukua glavu iliyofuata, nikaijaza maji, nikaitundika.